KIMOMBO TUNAKIABUDU, HATUKISOMI

Leo sina hadithi ya mapenzi wala shairi la mvua. Leo nina ugomvi. Nagombana na wazazi, na walimu, na waheshimiwa wetu, na mimi mwenyewe nimo, kwa sababu ya hiki Kimombo ambacho tumekifanya mungu. Magoti tunakipigia, lakini kukisoma hatukisomi.

Nianze na aibu yangu, nisije nikaambiwa nasema ya wenzangu tu.

Mwaka 2013 baba yangu alipata barua. Alikuwa amestaafu mwaka uliotangulia katika kiwanda kimoja hapa Mbeya, na barua ilitoka ofisi moja iliyoshughulikia mafao yake. Ukurasa mmoja, wote Kiingereza. Baba alinikabidhi, akakaa vizuri kwenye kigoda, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kusomewa risala. Mimi si nimemaliza kidato cha nne Iringa? Ng'ombe wawili si waliuzwa kwa ajili yangu? Nikaisoma kwa sauti, kwa madoido, ulimi nikiukunja kama mtangazaji. Baba akatabasamu. Kisha akauliza, "Sasa wanasemaje, mwanangu?" Nikamjibu, "Wanasema tusubiri, baba. Watatuita."

Hawakusema hivyo. Walisema apeleke vielelezo viwili ndani ya siku 30, la sivyo jalada lake litafungwa. Tukasubiri miezi mitano. Alipokwenda mwenyewe kuuliza, karani alimwonyesha nakala ya barua ile ile akamweleza kwa Kiswahili, kwa dakika mbili. Kulifungua tena lile jalada kulichukua miaka miwili na nauli zisizo na hesabu. Baba hajanikaripia mpaka leo. Afadhali angenikaripia.

Utaniuliza: wewe bwana, darasani ulikuwa unafanya nini miaka minne? Nilikuwa nakariri. Shule ya msingi nilisoma hesabu, sayansi na jiografia kwa Kiswahili. Nikaingia kidato cha kwanza, Januari moja tu, mlango ukafungwa nyuma yangu. Mwalimu wa baiolojia aliandika ubaoni kwa Kiingereza, akachungulia dirishani kuona kama mkuu wa shule hapiti, ndipo akatueleza kwa Kiswahili. Tukaelewa. Lakini mtihani ulipokuja, tuliyoelewa hayakutakiwa. Yalitakiwa yale ya ubaoni. Aliyekamatwa anaongea Kiswahili uwanjani alivishwa kibao shingoni, akatembea nacho mpaka naye amkamate mwenzake. Kitu tulichojifunza barabara ni kunyamaza. Darasa zima la Wahehe, Wabena, Wakinga na Wanyakyusa, watu wenye maneno kwelikweli, kimya kama msibani.

Mtihani wetu ulikuwa ule wa mwaka 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata sifuri. Serikali ikayafuta, ikayapanga upya. Mitaani wakasema vijana wavivu, wanapenda simu. Mimi nasema uvivu ulikuwapo, sikatai, lakini hata mwenye bidii anachemsha akiulizwa fizikia kwa lugha asiyoijua.

Sasa sikiliza kisa cha Mchina.

Mwaka 2017 nilikuwa kibarua kwenye ukarabati wa barabara kuu, kati ya Mafinga na Makambako. Kulikuwa na mpima ardhi mmoja wa Kichina, umri wangu hivi, tuliyemwita Rafiki. Kila mchana, sisi tukila ugali na maharage, yeye alitoa daftari na kitabu chake cha Kiingereza. Kitabu kilikuwa na sehemu tatu: kusoma, sarufi, na uandishi wa shughuli za kila siku. Alisoma kifungu kifupi, akajibu maswali. Akafanya zoezi la sarufi. Kisha akaandika kitu cha kumfaa mtu: barua ya kuomba ruhusa, tangazo la mkoba uliopotea, barua ya kulalamikia mzigo uliochelewa. Kila siku, nusu saa, basi.

Siku moja akanisogezea daftari nimsahihishie, maana mimi ndiye "msomi" wa kambi. Alikuwa ameandika habari za mama yake, na kila mahali mama ameitwa "he". Nikacheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu kosa hilo ni langu pia. Kumbe Kichina cha kusema kina neno moja tu kwa mwanamume na mwanamke, kama "yeye" yetu. Akaniuliza tena: kwa nini hapa ni "went" na pale ni "has gone"? Kwao kitenzi hakibadiliki umbo, kwa hiyo jambo hilo linamtoa jasho. Sikuweza kumjibu. Nilikuja kulifahamu baadaye, kitandani: kumbe lipo karibu sana na "alikwenda" na "amekwenda"! Mimi nalijua tangu sijaota meno. Tofauti ile ile inayomsumbua Mchina, mama yangu alinipa bure. Ila shuleni hapakuwa na aliyeruhusiwa kunionyesha, maana kutaja Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza ilikuwa kosa la kuvishwa kibao.

Nikamuuliza Rafiki upimaji alijifunza kwa lugha gani. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa anapumua kwa pua ya nani. Kwa Kichina! Hesabu kwa Kichina, fizikia kwa Kichina, chuo kikuu kwa Kichina. Kiingereza ni somo, na si somo la mchezo: kimo hata katika mtihani wao mkuu wa kuingia chuo kikuu. Basi huyu bwana alikuwa na upimaji kamili kichwani na Kiingereza cha kuchechemea ambacho kila siku kilipiga hatua. Mimi nilikuwa na sepetu.

Na baba yangu angeweza kuniambia zamani. Ujanani alibeba mataruma ya TAZARA, reli ya kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, iliyojengwa kuanzia 1970 hadi 1975 na kukabidhiwa 1976. Mikataba ilikuwa na wakalimani wake. Lakini baba anasema taruma lilinyanyuliwa kwa Kiswahili cha kuokoteza na ishara za mikono. Yeye hana Kiingereza, msimamizi wake wa Kichina hana Kiingereza, na treni ikafika Mbeya.

Ndugu zangu, haya si mapya. Mwaka 1982 tume iliyoongozwa na Jackson Makweta, mtu wa Njombe, wakati huo ndani ya mkoa wetu wa Iringa, ilipendekeza sekondari zifundishe kwa Kiswahili. Wakubwa wakakataa. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Kiingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu wakakuta wengi mno hawawezi kujifunza kwa lugha hiyo. Wakashauri nini? Iendelee! Sera iliyozinduliwa Februari 2015 ikatamka kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia katika ngazi zote. Mpaka leo ninapoandika, mtoto wa sekondari anafundishwa kwa Kiingereza. Tume, sera, hotuba, na dirishani mwalimu bado anachungulia.

Najua majibu yenu. La kwanza: Kiswahili hakina maneno ya sayansi. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990! Neno "usanisinuru" tunalo, nalo linajieleza lenyewe: ndani yake kuna nuru. Mtoto wa Ilula anayeona mahindi yakidhoofu kivulini atalielewa kabla mwalimu hajamaliza kuliandika.

La pili: Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema Kiingereza ni Kiswahili cha dunia. Alisema, na simbishii. Lakini tazama alivyokishika yeye: alikisoma mpaka akamhamishia Shakespeare katika Kiswahili, Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Hiyo ndiyo kazi ya mtu aliyekisoma Kiingereza akiwa amesimama imara kwenye chake. Je, katika darasa letu ni nani aliyemaliza hata kitabu kimoja kizima cha Kiingereza, kwa kupenda mwenyewe? Mimi sikumaliza.

La tatu, na hili ndilo zito: tukikiondoa madarasani kitakufa, na mtoto wa maskini ndiye atakayekikosa, maana wa tajiri yuko shule ya kulipia. Ndugu yangu, mtoto wa maskini amekwisha kukikosa. Alikikosa akiwa amekaa ndani yake miaka minne. Mimi ni ushahidi. Sisemi kifukuzwe. Nasema kifundishwe! Fizikia iwe fizikia, kwa lugha ya kuelewa, na Kiingereza kiwe somo lenye mwalimu aliyeiva, vitabu vya kutosha, na vipindi vingi. Kisomwe, kichambuliwe sarufi yake huku Kiswahili kikiwa daraja, na kiandikwe kwa mambo ya kweli: mkataba wa kibarua, maelezo ya dawa, barua ya mafao.

Nanyi vijana wenzangu, msisubiri tume nyingine. Sisi watano tunakutana kila Jumamosi nyuma ya duka moja la nguo Mwanjelwa, pamoja na fundi cherehani na dada mmoja anayeuza viazi. Tunasoma ukurasa mmoja wa ung'eng'e, tunaugeuza Kiswahili, tunabishana, kisha kila mtu anaandika barua moja. Hakuna kibao. Anayekosea anaulizwa alitaka kusema nini, anasema kwa Kiswahili, na hapo ndipo tunaanza. Dada wa viazi juzi aliandika barua ya kuomba kibanda sokoni, mistari minane, nami sikuipata dosari.

Barua ya baba bado ninayo. Jumamosi moja niliipeleka pale tukaisoma pamoja, neno kwa neno. Ilituchukua dakika kumi na tano. Jioni nikamwendea mzee nyumbani, nikamsomea upya, mara hii kwa Kiswahili, mpaka mwisho. Alisikiliza, akaniomba nirudie pale kwenye siku 30. Nikarudia.