Mpakia Mizigo Hana Kesi ya Kujibu

Na Bi Msumari

Kusi limeingia, na lawama zake zimeingia nalo. Kila msimu wenye kaiti, hao wanaovutwa na upepo juu ya ubao baharini, wanashuka uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume hapa Unguja na mabegi yao marefu ya magurudumu, na kabla hawajaiona bahari ya Paje hukumu imeshapita: ubao umepasuka ukingoni, mshitakiwa ni kijana wa kupakia mizigo. Shahidi hayupo, lakini nani anamhitaji shahidi ikiwa mshitakiwa amevaa kizibao cha rangi ya kung'aa? Wasomaji wanaoujua ugomvi wangu wa miaka na kamba ya manila (tutaifikia) hawatashangaa nikisimama upande wake. Mbao nyingi zinauliwa na wenyewe, nchi kavu, siku za kawaida, baina ya mlango wa nyumba na mchanga. Ndege inabeba lawama kwa sababu ndiyo pekee yenye kaunta ya kulalamikia.

Tuuangalie ubao wenyewe. Ule wa kawaida, wenye ncha mbili zinazolingana, una urefu wa sentimita 130 na kitu hadi 140 na kitu, na uzito wa kilo 3 hivi. Ndani kuna mti mwepesi, mara nyingi paulonia. Juu na chini vitambaa vya faiba vilivyoloweshwa epoksi. Pembeni ukingo wa plastiki ngumu. Umeundwa umpokee mtu mzima anayeporomoka kutoka hewani, ndiyo maana mwenyewe anauamini kupita kiasi. "Ubao huu unapigwa na bahari kila siku," atakwambia, "begi la nini?" Bahari inaupokea uzito huo kwa uso mzima wa ubao, na miguu imekaa juu ya pedi nene. Sakafu ya saruji haina adabu hiyo. Ubao ukiponyoka kiunoni ukatua kwa pembe, nguvu yote inaishia mahali pasipozidi ukucha. Ule wa kuchezea mawimbi ndio dhaifu zaidi: ndani ni povu, na gamba la nje ni jembamba. Ufa usioonekana kwa macho unatosha kupitisha maji ya chumvi. Povu linakunywa, ubao unakuwa mzito, na mwenyewe anadhani ni yeye aliyezeeka.

Huko ndani ya ndege nako, adui wa kwanza wa ubao ni aliyelipanga begi. Mashirika mengi yanauza nafasi ya begi la kilo 23, na kikomo cha kawaida cha kipande kimoja ni kilo 32, kwa ajili ya migongo ya wanaobeba. Mtu anatia ubao, kaiti mbili, mkanda wa kiunoni, pampu, viatu, na kwa kuwa nafasi imebaki, chupa mbili za mafuta ya kujipaka. Begi linafika kilo 30, na refu kuliko anayelibeba. Begi la namna hiyo halitupwi kwa chuki; linaachiwa kwa sababu mtu mmoja hawezi kulishusha taratibu, na linaburutwa kwa kuwa halibebeki. Halafu kuna mapezi. Yanafunguka kwa bisibisi, kazi ya dakika tano, lakini msafiri anayaacha yamesimama chini ya ubao, na njia nzima yanachimba kitambaa cha kaiti alicholaza hapo kiwe godoro. Wazo la kuufunika ubao kwa kaiti ni zuri, tena halina gharama, ila mapezi yawe yameshatoka, skrubu zimo katika kifuko kilichofungwa, na ncha zimevishwa kitu kinene, maana ncha ndizo zinazotangulia kugonga. Baadhi ya mbao za povu zina skrubu ndogo ya kupumulia. Inalegezwa kabla ya kuruka, kwa sababu shinikizo la hewa ndegeni hupungua na hewa iliyomo kwenye povu husukuma gamba, kisha inakazwa kabla ya kugusa maji. Wenye mbao hizo wanaijua skrubu hiyo. Wanaikumbuka wakiwa wamekaa kiti cha dirishani.

Nitaambiwa sheria iko upande wa abiria. Kwa safari nyingi za kimataifa ni kweli, Mkataba wa Montreal wa 1999 unaliwajibisha shirika kwa begi lililoharibika likiwa mikononi mwake. Usomwe basi mpaka mwisho. Fidia ina ukomo: tangu mwisho wa 2024 ni vizio 1,519 vya hesabu ya Shirika la Fedha la Kimataifa, karibu dola 2,000, na hizo ni kwa mizigo yote ya abiria mmoja, si kwa kila ubao. Malalamiko ya uharibifu yaandikwe ndani ya siku 7 tangu kupokea begi. Na shirika haliwajibiki pale uharibifu ulipotokana na hali au kasoro ya mzigo wenyewe, mlango ambao wakili wa shirika hatausahau akionyeshwa ubao uliosafirishwa ndani ya soksi ya kitambaa. Anayelifungua begi lake siku ya tisa, baada ya kungoja upepo, amejifungia mlango kwa mkono wake. Hata anayeshinda, fedha zinamfika kusi limekwisha.

Tuseme basi ubao umetua salama. Mbele yake kuna kama kilomita 50 hadi Paje, na hapa ndipo kesi yangu inaponoga, kwa sababu begi la thamani sasa linachukuliwa kuwa limemaliza kazi. Ubao unatolewa, unapandishwa mtupu juu ya keria, chuma kwa faiba, unafungwa manila. (Nilisema tutafika.) Manila haivutiki, haishiki, na fundo lake likilegea dereva halioni, likikazwa mno linakula ukingo. Mkanda mpana wenye bizimu, au mpira wa tairi la ndani uliokatwa vipande, unafanya kazi hiyo bila kuumiza. Ubao ulale kifudifudi, upande wa miguu uangalie paa, ili mkunjo wa ncha ushuke na upepo wa njiani uukandamize badala ya kuunyanyua. Baada ya hapo kuna wiki nzima ya kwenda na kurudi: ubao umebaki kwenye gari lililofungwa vioo saa saba mchana, ndani ya begi jeusi, na epoksi nyingi hulainika kwa joto la namna hiyo, gamba likaanza kuachana na povu. Au umerudishwa begini mbichi, na mchanga umo. Kila mtikisiko wa barabara ni msasa, na chumvi inakula skrubu mpaka siku ya kuondoka hazifunguki. Hakuna mpakia mizigo hata mmoja katika habari yote hii.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la vijana wetu wanaofundisha kaiti. Begi la kisasa ni ghali, na ubao wa mkono wa pili hauhalalishi gharama hiyo. Nakubali juu ya begi. Sikubali juu ya kinga. Sponji la godoro kuukuu likikatwa kwa kipimo cha ncha, khanga iliyochakaa ikazungushwa katikati, na gunia lililofuliwa chumvi, vinatosha kwa gari la shamba. Kwa kijana huyu ubao ndio duka. Ukipasuka leo, mwanafunzi wa kesho anakwenda kwa mwingine. Wanaosimamisha ubao wao juu ya bawa la kaboni, mtindo ulioingia Olimpiki katika Michezo ya Paris 2024, hawana njia ya mkato: bawa lifunguliwe vipande, na kila kipande kivae nguo yake.

Kuna na bodaboda, ambayo mwenye ubao haioni kuwa ni usafiri mpaka amelipia. Anaupakata kwa upana, sentimita 140 zimekata njia, na kila mama anayerudi na mwani kichwani anapaswa kuruka mtaroni. Ukigonga nguzo ya umeme, ubao unapasuka pale pale ukingoni, kwa umbo lile lile la kuangushwa uwanja wa ndege. Wanaotaka kuupiga picha ya kuambatisha kwenye malalamiko yao watakubaliana nami kwamba ufa huo hautofautiki kabisa.