Boti kubwa ao boti ndogo? Sisi tunasema ndogo



Swali hili linarudi kwenye mikutano ya koperative zinazovua huku kwetu, kando ya ziwa Kivu. Kuko boti mbili za mbao za kuuzishwa, zote zimekwisha kutumika. Moja iko ya meta 7, na motere ya 15. Ingine iko ya meta 12, na motere ya 40. Akiba inatosha kwa moja tu, na wengi wananyoosha mkono kwa ile kubwa. Sisi tunasema mununue ndogo.

Tunaelewa kwa nini kubwa inapendwa. Ikifika Bukavu, kila mutu anaiona! Lakini muhesabu mafuta. Motere ya 15 ikienda kwa nguvu yote inakunywa karibu lita 6 za esansi kwa saa moja. Ya 40 inakunywa karibu 15, bila kuhesabu oili. Mafuta hayo yanalipwa sambaza zikipatikana ao zisipopatikana. Na boti hii haitavua: pirogi tatu zilizofungwa pamoja kwa miti zitaendelea na kazi yao. Yenyewe itakusanya samaki asubuhi na kuwafikisha sokoni mbele hawajaharibika. Kwa kazi hiyo meta 7 zinatosha.

Tena munajua kalenda ya sambaza. Samaki huyu aliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na mpaka leo tunamuita kwa taa. Mwezi ukiwa mukubwa taa haina nguvu, na wavuvi wanabaki pwani usiku mingi. Siku hizo boti haiingize kitu, lakini mulinzi analipwa. Ndogo inavumilia. Kubwa inakula akiba, na akiba hiyo ni minerval ya watoto na mutaji wa wamama wanaochuuza sambaza.

Wengine wanajibu: kubwa itabeba pia watu, maharagi, nanasi za Idjwi, na safari zitalipa mafuta. Hiyo ni kazi ingine, iko na karatasi zake na hatari zake. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti Merdi, iliyotoka Minova, ilizama karibu na bandari ya Kituku, Goma, ikiwa imebeba watu kupita kiasi. Makumi walikufa. Katika komite yenu, nani atamukataza shemeji yake kupanda wakati boti imejaa? Kama koperative kadhaa zinaungana na ziko na mizigo kila siku, hapo tunaweza kuzungumuza juu ya kubwa. Koperative moja peke yake, hapana.

Feza itakayobaki inunue jile za kuokoa kwa kila muvuvi, mbele ya rangi na mbele ya jina la boti.

Hata ndogo musiilipe haraka. Mutoboe mbao za chini kwa ncha ya kisu, zaidi pembeni ya misumari: kisu kikiingia kama kwenye muhogo uliopikwa, mbao imeoza. Motere muiwashe ikiwa baridi, si kisha muuzaji ameipasha moto nyumbani kwake. Karatasi ya mauzo iandikwe kwa jina la koperative, si la prezida. Na muombe boti ilale majini usiku mumoja. Muuzaji akikataa, mutafute ingine.