Mifereji ya Copenhagen na Ulimi wa Kiongozi

Katika miji ya Ulaya iliyojengwa kando ya maji, imekuwa desturi siku hizi kwa wageni kukodi kayaki na kutembezwa mifereji kwa muda wa saa moja au mbili. Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, ni mmojawapo wa miji hiyo. Mgeni huvishwa koti la kuelea, hupewa kafi lenye bapa huku na huku, hufundishwa kwa dakika chache namna ya kwenda mbele, kugeuka na kusimama, kisha hushushwa majini pamoja na wenziwe. Kiongozi hutangulia, na wageni hufuata kama vifaranga nyuma ya bata. Hupita chini ya madaraja, huinua macho kutazama nyumba za rangi za Nyhavn na mnara wa Kanisa la Mwokozi wenye ngazi izungukayo kwa nje, na kila baada ya kitambo husimama wakamsikiliza kiongozi.

Hapana mwenye akili atakayeulaumu mwendo huo. Kayaki haina moshi wala kelele. Humweka mtu chini, karibu na maji, mahali ambapo aonapo ukuta wa ghala huuona kwa ukubwa ule ule uliomtisha baharia wa zamani. Maji ya bandari ile, yaliyokuwa machafu kwa miaka mingi, yalisafishwa hata mwaka 2002 pakafunguliwa mahali pa watu kuogelea katika mtaa wa Islands Brygge. Kazi hiyo ni ya kusifiwa, na mgeni anayelipa ili aifurahie hakufanya kosa. Chombo ni chema, maji ni mema, na mchezo ni mwema. Lililo baya ni kimya.

Safari ya kuongozwa ni aina ya utungo. Kiongozi ni mtunzi wake: huchagua mahali pa kuanza na mahali pa kusimama, mtu wa kutajwa na mtu wa kuachwa. Msomaji wa kitabu akishuku neno aweza kufungua kitabu kingine. Msikilizaji wa kayaki hana kitabu, na mikono yake yote miwili imeshika kafi. Lisilosemwa na kiongozi, kwake yeye halikuwapo. Wako viongozi waaminifu wasemao yote, na maneno haya hayawahusu. Yanawahusu wale watajao mwaka wa jengo, jina la mfalme na umbo la paa, wakaacha kueleza fedha za kujengea zilitoka kwa nani. Maji ya kifuu, bahari ya chungu: saa mbili za mfereji huwa ndiyo historia nzima ya Denmark kwa mtu atakayepanda ndege asubuhi ya pili yake.

Chombo chenyewe kinastahili kuulizwa kwanza. Kayaki ni neno na kazi ya Wainuit, watu wa nchi za baridi ya kaskazini, Greenland ikiwamo. Waliiunda kwa ngozi za sili zilizotandazwa juu ya mbavu za mifupa au za magogo yaliyoletwa na mawimbi, nao waliitumia kuwinda ili watoto wao wapate kula. Mwaka 1605 msafara uliotumwa na Mfalme Christian wa Nne ulifika Greenland, ukakamata watu kwa nguvu na kuwaleta Copenhagen pamoja na kayaki zao. Vitabu vya kale husimulia kwamba mateka hao waliamriwa kuonyesha ustadi wao wa kupiga makafi mbele ya wakubwa, na kwamba walijaribu kutoroka kwa vyombo vyao hivyo ili warudi kwao, wakashindwa. Basi miongoni mwa watu wa kwanza wanaojulikana kupiga kafi la kayaki katika maji yale ni wafungwa waliotaka kwenda nyumbani. Mgeni wa leo hukalia kiti chao kwa furaha. Si haki asiambiwe kiti ni cha nani.

Habari ya Greenland haikuishia hapo. Mwaka 1721 kasisi Hans Egede alitia nanga huko, na nchi ile ikawa koloni la Denmark mpaka mwaka 1953. Kwa muda mrefu biashara yake ilishikwa na shirika la mfalme peke yake, na bidhaa zake zilipakuliwa katika gati la Christianshavn ambalo mpaka leo huitwa kwa jina la biashara ya Greenland: mafuta ya nyangumi, ngozi, samaki. Ghala kubwa la karne ya 18 lililoko hapo sasa ni nyumba ya utamaduni ya Iceland, visiwa vya Faroe na Greenland. Kayaki za kukodi hupita chini ya kuta zake. Kiongozi akisema tu kwamba ghala ni zuri, amesema kweli. Lakini kweli hiyo ni ganda, na kiini amekitupa majini.

Upande wa pili wa bandari, kaskazini ya Nyhavn, limesimama ghala jingine lililojengwa katika miaka ya 1780 na 1781 kwa ajili ya biashara ya visiwa vya Karibi. Denmark ilikuwa na visiwa vitatu huko: St. Thomas, St. John na St. Croix. Merikebu ziliondoka Copenhagen na bidhaa, zikafika ngome ya Christiansborg katika mtaa wa Osu, Accra, nchi ambayo leo ni Ghana. Hapo zilipakia watu. Watu hao walivushwa bahari wakauzwa katika mashamba ya miwa, na sukari ya jasho lao ikarudi Copenhagen kuwekwa ghalani. Waafrika waliopakiwa katika merikebu za Denmark walizidi 100,000. Matofali yale hayakujengwa kwa ajili ya kupigwa picha.

Hutokea hapa majisifu yakatolewa: kwamba Denmark ilitangulia mataifa mengine ya Ulaya kupiga marufuku biashara ya watumwa kuvuka bahari, kwa amri ya mwaka 1792. Amri ilitolewa, ni kweli. Lakini ilianza kufanya kazi mwaka 1803, na katika miaka hiyo ya kungoja serikali iliwakopesha wenye mashamba fedha ili wanunue watu zaidi kabla mlango haujafungwa. Tena amri ilikataza kusafirisha watumwa. Haikuwafungua wale waliokwisha kufika. Hao hawakuwa huru mpaka tarehe 3 Julai 1848, walipoinuka wenyewe kwa maelfu katika St. Croix na gavana akatangaza uhuru wao. Kiongozi atajaye mwaka 1792 na kunyamazia mwaka 1848 huwapa wageni sifa ya bwana na kuwaficha ushujaa wa mtumwa.

Tena, uhuru ule ulikuwa na minyororo ya karatasi. Sheria ya kazi ya mwaka 1849 iliwafunga vibarua kwa mapatano ya mwaka mzima na ujira mdogo. Mwezi wa Oktoba 1878 vibarua wa St. Croix waliasi, wakachoma moto mashamba mengi na sehemu ya mji wa Frederiksted. Miongoni mwa viongozi wao walikuwa wanawake, na aliyejulikana zaidi ni Mary Thomas, ambaye watu wake walimwita malkia. Mwaka 1882 yeye na wenzake walipelekwa Denmark kutumikia kifungo katika gereza la wanawake la Christianshavn, kando ya uwanja unaopakana na mfereji, mpaka waliporudishwa Karibi mwaka 1887. Gereza halipo tena; mahali pake pamejengwa nyumba nyingine. Mfereji ungalipo, na kayaki hupita.

Mwaka 2018 wasanii wawili wanawake, Jeannette Ehlers wa Denmark na La Vaughn Belle wa visiwa vile, walisimamisha mbele ya ghala la Karibi sanamu ya Malkia Mary ameketi katika kiti cha enzi, mkono mmoja umeshika mwenge na mwingine panga la kukatia miwa. Miaka miwili baadaye tufani iliiharibu. Visiwa vyenyewe vilikuwa vimekwisha kuuzwa kwa Marekani mwaka 1917, kwa dola milioni 25. Hayo ndiyo yaliyomo katika mwendo wa saa mbili kwa mtu aliye tayari kuyasema.

Watetezi wa kimya wana hoja tatu, na kila moja inastahili kujibiwa.

Hoja ya kwanza husema kwamba muda ni mfupi. Hesabu yaikanusha. Saa mbili ni dakika 120. Vituo vinne, yaani gati la Greenland, ghala la Karibi, uwanja wa gereza na Nyhavn yenyewe, iliyochimbwa na mateka wa vita wa Kiswidi katika miaka ya 1670, vikipewa dakika tatu kila kimoja, jumla ni dakika 12. Hiyo ni sehemu moja katika kumi. Sehemu tisa zabaki kwa madaraja, minara, bata na vicheko. Anayesema hana nafasi ya moja katika kumi asingizie jambo jingine, asiisingizie saa.

Hoja ya pili husema kwamba mgeni amelipa kwa ajili ya furaha, na kumtia huzuni ni kumdhulumu. Hoja hii yamdharau mgeni huku ikijifanya kumhurumia. Humfanya kuwa mtoto asiyeweza kusikia habari ya kifo pasipo kulia. Watu wazima husafiri ili wajue, na furaha ya kujua haivunjwi na uchungu wa kinachojuliwa. Zaidi ya hayo, furaha isiyostahimili dakika 12 za kweli ni dhaifu kuliko kayaki ya karatasi.

Hoja ya tatu husema kwamba Wadenmark wa leo hawakununua mtu, basi yanini kuwaaibisha? Hapana anayewaaibisha. Mtu hasifiwi kwa jengo alilojenga babu yake, wala halaumiwi kwa mtu aliyeuzwa na babu yake. Lakini kiongozi huyo huyo husema kwa fahari, "mji wetu", "wafalme wetu", "minara yetu". Maadamu neno "wetu" latumika kwa minara, lazima litumike kwa ghala na gereza pia. Mrithi hachagui, akipokea nyumba, hupokea na deni lililomo.

Wengine hukimbilia methali: mwenye macho haambiwi tazama. Methali ni ya hekima, ila hapa haina pa kukaa. Macho huona tofali. Hayaoni mnunuzi wa tofali. Macho huona mfereji; hayaoni mwanamke aliyekuwa nyuma ya ukuta usiokuwapo tena. Kwa mambo ya namna hii Mungu aliumba ulimi.

Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu yake mwenyewe ya kulitazama jambo hili kwa makini. Mgeni wa Ulaya afikapo Unguja hutembezwa Mji Mkongwe, na ni nadra kwake kuondoka pasipo kufikishwa Mkunazini, mahali palipokuwa soko la watumwa mpaka lilipofungwa mwaka 1873. Huonyeshwa kanisa kuu lililojengwa juu ya soko hilo, na sanamu za mateka waliofungwa minyororo shingoni, kazi ya msanii wa Kiswidi Clara Sörnäs. Hasikiki akilalamika kwamba likizo yake imeharibiwa. Basi mtu yule yule awezaye kusikia habari za utumwa chini ya jua la Unguja hawezi kushindwa kuzisikia chini ya daraja la Copenhagen. Tofauti haimo katika moyo wa msikilizaji. Imo katika mpango wa safari. Huzuni imeachiwa bandari zilizotoa watu, na uzuri umeachiwa bandari zilizopokea faida. Mpango huo, ukirudiwa kila siku kwa vizazi, humfundisha mzungu na Mwafrika pamoja kwamba utumwa ni jambo la Afrika na usanifu ni jambo la Ulaya.

Walakini kanuni isiyomhukumu mwenyewe aliyeitoa si kanuni. Viongozi wa Unguja nao wanadaiwa. Vyumba vya chini ya ardhi vya Mkunazini huonyeshwa kwa wageni kama mahali walipofungiwa watumwa, hali wako wataalamu wanaolitilia shaka jambo hilo. Shaka hiyo yafaa itajwe. Tena yafaa kutajwa kwamba pembe za ndovu zilizobebwa mabegani mpaka pwani zilivuka bahari na kufika viwanda vya Connecticut, Marekani, zikawa vitufe vya piano. Anayedai kweli kamili huko Copenhagen hana budi kuitoa kamili Mkunazini, hata pale ambapo nusu yake ingemletea bakhshishi kubwa zaidi.

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Ugeni huwa dawa pale tu mwenyeji anapokubali kuonyesha jeraha. Vyuo vinavyofundisha viongozi wa safari, Ulaya na Afrika, na viweke habari hizi katika masomo yao kama vile vinavyoweka habari za usalama majini. Kiongozi hamwachi mgeni ashuke katika kayaki pasipo kumwambia afanye nini ikipinduka. Asimwache pia aondoke pasipo kujua ni mikono ya nani iliyoiunda kayaki, na sukari ya nani iliyoyajenga maghala. Kazi hiyo haihitaji fedha wala jengo jipya. Yahitaji dakika 12 na mtu asiyeogopa.