Sauti ya filamu kwenye intaneti: mteja analipia nini hasa?

Huduma za kutazama filamu kwa njia ya intaneti zinaahidi sauti inayomzunguka mtazamaji kama katika jumba la sinema. Lakini sauti hiyo hupunguzwa sana kabla ya kufika nyumbani, na kinachobaki kinategemea nguvu ya intaneti ya mteja.

Sauti ya 5.1 hutoka katika spika tano na moja ya besi. Kwenye diski ya Blu-ray inaweza kuwekwa nzima. Netflix, kwa upande wake, hutumia Dolby Digital Plus, mfumo unaotupa sauti ndogo zinazofunikwa na kubwa. Zikitupwa kidogo, sikio halijui. Zikitupwa kupita kiasi, filamu inapoteza uhai.

Ndivyo ilivyokuwa kwa tamthilia ya Stranger Things. Katika ukaguzi wa msimu wa pili, wa mwaka 2017, ilionekana kwamba mbio za magari zinazoufungua zilikosa makali. Mafundi waliongeza kiwango cha sauti, na kasoro ikaondoka.

Mnamo Mei 2019, Netflix ilitangaza kwamba sauti ya 5.1 itakuwa kati ya kilobiti 192 na 640 kwa sekunde, ikipanda na kushuka kufuatana na intaneti. Kampuni hiyo inasema kwamba kwenye 640 sikio halitofautishi sauti hiyo na ile ya studio.

Tofauti hiyo ina bei. Saa moja ya kilobiti 192 inakula mega 86 hivi. Ya 640 inakula 288, na hapo picha haijahesabiwa. Inchini Kongo, kwa anayenunua mega za siku na kutazama kwenye simu, mzigo huo hauna faida: simu yenyewe haina spika sita. Kwake yeye, badiliko la maana lilikuja Januari 2021, pale Netflix ilipoleta kwenye simu za Android mfumo wa xHE-AAC, unaosaidia mazungumzo kusikika hata penye kelele.

Kwa mwenye spika sita, shida inabaki moja. Alama ya 5.1 kwenye skrini ni ile ile, iwe kilobiti 192 au 640. Mteja anaonyeshwa idadi ya spika, lakini haonyeshwi kiasi cha sauti kilichomfikia. Bila namba hiyo, hawezi kujua kama amepata alichokilipia.