Bonane imefika, vitabu vya Katanga bado viko ugenini

Bonane imepita Lubumbashi kama kila mwaka. Watoto wamevaa nguo mpya pale wazazi walipoweza, nyama imechomwa pale pesa ilipopatikana, na pale ilipokosekana watu wamekula bukari na sombe wakamshukuru Mungu. Salamu zimetoka Rwashi hadi Katuba, zimevuka mpaka hadi kwa ndugu walioko Zambia.

Hii ni bonane ya kwanza bila Valentin-Yves Mudimbe. Mzee huyo alifariki Marekani mwezi wa nne 2025, akiwa na miaka 83. Alizaliwa Likasi tarehe 8 Desemba 1941, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville. Vyuo vikuu vya dunia vilimlilia. Lakini ingia leo soko la Kenya, uliza watu kumi Mudimbe ni nani. Wawili watasema ni profesa wa zamani. Wengine watauliza kama ni yule aliyekuwa mchezaji wa Mazembe.

Si kosa la watu wa sokoni. Kosa lenyewe ni kwamba mtu aliyeandika historia ya jimbo hili hajawahi kuwafikia watu wa jimbo hili kwa lugha wanayoongea nyumbani. Hilo linaweza kurekebishwa mwaka huu, na chombo cha kulirekebisha kipo katika kila nyumba, hata ile ya turubai: ni redio.

Kwanza mzee mwenyewe. Akiwa kijana aliingia utawa wa Wabenediktini kule Rwanda, kisha akatoka. Akasoma Lovanium mjini Kinshasa, akapata udaktari Ubelgiji mwaka 1970, akarudi kufundisha, na miaka ya 70 alikuwa profesa hapa Lubumbashi. Wakati ule chama kilikuwa kimoja na Katanga iliitwa Shaba. Profesa aliyesema mambo yake mwenyewe alijua kuna anayesikiliza. Mwanzoni mwa miaka ya 80 alikuwa amekwisha kuhamia Marekani, na huko alifundisha hadi uzeeni. Wasomi wanamjua zaidi kwa kitabu chake cha falsafa cha mwaka 1988 kuhusu jinsi watu wa nje walivyoibuni Afrika katika maandishi yao. Kitabu hicho ni kigumu, na mtu asione haya kukishindwa.

Ila mwaka 1989 alitoa kitabu kingine, chembamba, ambacho mtu yeyote wa Kolwezi angekielewa hata bila shule. Kinaitwa Shaba Deux. Ni riwaya iliyoandikwa kama daftari la mtawa wa Kikongo, Mère Marie-Gertrude, aliyebaki Kolwezi wakati wa vita vya mwaka 1978. Wazee wanavikumbuka vita vile. Tarehe 13 Mei waasi waliotoka Angola waliuchukua mji. Tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa parashuti. Vitabu vya historia vinahesabu Wazungu waliouawa, vinataja majenerali, na vinaeleza Mobutu alivyoomba msaada. Mtawa wa Mudimbe anaandika mambo mengine: nani amekimbia, nani amebaki, nani anakuja kugonga mlango akitafuta kujificha, na sala ina maana gani risasi zinapolia. Anaandika kila siku bila kujua kesho itakuwaje.

Mama aliyetoka Mitwaba na watoto mgongoni, au familia iliyofika kutoka Kivu baada ya Goma kuanguka mwezi wa kwanza 2025 na Bukavu mwezi wa pili, haihitaji kuelezwa daftari hilo linasema nini. Inalijua tayari. Kitu ambacho haijui ni kwamba mtu fulani alikwisha kuliandika, na kwamba aliyeliandika alizaliwa Likasi, saa chache tu kwa gari kutoka hapa.

Mudimbe hayuko peke yake. Lubumbashi ina mwandishi mwingine aliye hai na anayeendelea kuandika: Fiston Mwanza Mujila. Alizaliwa hapa mwaka 1981. Jina lake lenyewe ni la nyumbani kabisa, maana baba gani wa mji huu hajamwita mwanawe fiston? Tangu mwaka 2009 anaishi Graz, Austria. Alifika huko kama mwandishi mgeni wa mji, akabaki, akawa mwalimu wa fasihi ya Afrika katika chuo kikuu. Riwaya yake ya kwanza, Tram 83, ya mwaka 2014, ilizunguka dunia kwa lugha nyingi na kushinda tuzo Nigeria na Ujerumani. Ya pili, La Danse du Vilain, ilitoka Paris mwaka 2020. Mwaka 2024 tafsiri yake ya Kiingereza ilifika fainali ya National Book Award kule Marekani, moja kati ya vitabu vitano vilivyotafsiriwa. Taiwan ikachukua tuzo. Hata hivyo, mtoto wa Lubumbashi kufika pale ni habari kubwa. Siku ile ile timu ikifungwa penalti inaongelewa kwenye redio juma zima.

La Danse du Vilain ni riwaya ya historia, hata kama historia yenyewe si ya zamani sana. Inarudi kwenye miaka ya mwisho ya Mobutu. Upande mmoja kuna Lubumbashi yenyewe, na watoto wa barabarani, wale wanaoitwa mashege, wanaonusa gundi na kulala nje. Kuna baa ambamo watu wanacheza huku nchi inaanguka. Upande mwingine kuna machimbo ya almasi ya Lunda Norte, Angola, ambako vijana wa Zaire walikwenda kutafuta maisha na wengi hawakurudi. Kule yupo Tshiamuena, mama wa wachimbaji, ambaye habari zake ni nyingi kuliko umri wa binadamu wa kawaida. Na kuna Mzungu kutoka Austria anayezunguka akitaka kuandika kitabu juu ya Afrika. Hapo mwandishi anacheka kidogo, na mtu yeyote aliyewahi kuwaongoza wageni wenye kalamu mjini hapa atacheka pamoja naye.

Nyumba nyingi za Kenya, Katuba na Kampemba zina mjomba aliyekwenda Angola. Picha yake ipo ukutani, amevaa suruali pana na miwani ya jua. Hakuna anayejua kaburi lake. Kitabu cha Fiston kinamhusu mjomba huyo, ila familia yake haijakisoma, kwa sababu mbili rahisi. Kiko kwa Kifaransa, tena Kifaransa kinachoruka kama muziki wa jazi. Na riwaya mpya ya Paris inauzwa kama euro 20. Mama anayenunua unga kwa kipimo, siku kwa siku, hawezi hata kuanza hesabu hiyo.

Wapo watakaosema Kiswahili cha Lubumbashi hakiwezi kubeba riwaya. Kwamba ni lugha ya soko na ya machimbo, imechanganyika na Kifaransa na Kibemba, na mtu wa Dar es Salaam akiisikia anashika kichwa. Wanaosema hivyo hawamjui André Yav. Mwaka 1965 mtu huyo, aliyefanya kazi nyumbani kwa Wazungu kama boi, aliandika historia ya mji wa Elisabethville tangu mwanzo wake, kwa Kiswahili hiki hiki, kwa ajili ya wenzake waliofanya kazi ile. Hakungoja ruhusa ya chuo. Maandishi yake yalipigwa taipu na yangeweza kupotea kama karatasi za kufungia karanga, lakini mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliyapata na kuyachapisha mwaka 1990.

Na hapa watu wa redio watege sikio. Maandishi ya Yav yalikuwa magumu kusomeka kwa macho, maana maneno yalikuwa yamekatwa na kuunganishwa ovyo. Ilibidi Kalundi Mango, mtu anayekijua Kiswahili cha hapa, ayasome kwa sauti ndipo yaeleweke. Yaliposomwa kwa sauti, historia ya mji ikatoka.

Tshibumba Kanda Matulu alifanya vivyo hivyo kwa rangi. Mwaka 1973 na 1974, hapa Lubumbashi, alichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha, karibu 100, na kila moja aliieleza kwa Kiswahili. Leo picha zile ziko Uholanzi. Mchoraji mwenyewe alipotea miaka ya 80 na hakuonekana tena.

Kwa hiyo lugha ipo na mfano upo. Wazanzibari nao wamekwisha kuonyesha kwamba kitabu kinaweza kurudi nyumbani. Abdulrazak Gurnah, aliyeondoka Unguja akiwa kijana na kuishi Uingereza, alipata tuzo ya Nobel mwaka 2021. Riwaya yake Paradise, ya mwaka 1994, inamfuata kijana Yusuf, aliyewekwa rehani kwa deni la baba yake, katika msafara wa wafanyabiashara wanaoingia bara. Ni misafara ya namna ile iliyomleta Msiri kutoka Unyamwezi hadi Bunkeya, na iliyoleta Kiswahili Katanga. Mwaka 2022 kampuni ya Mkuki na Nyota ya Dar es Salaam ilikitoa kitabu hicho kwa Kiswahili, tafsiri ya Ida Hadjivayanis, kwa jina la Peponi. Ilichukua miaka 28. Ni mingi, na Nobel ilisaidia. Lakini kimerudi.

Lipo pingamizi moja lenye uzito kuliko yale ya lugha na pesa. Linasemwa kwa sauti ndogo: vitabu vya historia vitafungua vidonda. Katika jimbo hili kila mtu anaelewa maana yake. Mwezi wa nane 1992, mkutano wa taifa kule Kinshasa ulipomchagua Étienne Tshisekedi kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, vurugu zilianza Lubumbashi, kisha zikaenea Likasi na Kolwezi. Maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa na baba zao wamezeekea migodini, walifukuzwa majumbani. Likasi walilala kwenye stesheni wakingoja treni, wengine kwa miezi. Watoto na wazee walifia pale na wengine njiani. Zaidi ya miaka 30 imepita, na katika nyumba nyingi jambo hilo halitajwi. Waliofukuzwa hawalitaji kwa sababu linauma. Waliobaki hawalitaji kwa sababu baadhi walihamia ndani ya nyumba zile.

Je, kunyamaza kumesaidia? Kila mara siasa inapopanda joto, maneno yale ya mwaka 1992 yanarudi, tena midomoni mwa vijana ambao walikuwa hawajazaliwa. Wameyapata wapi kama hayatajwi? Wameyapata kwa uvumi, na uvumi hautoi jina la mtoto aliyekufa stesheni, unatoa jina la kabila tu. Riwaya inafanya kinyume. Inachukua mtu mmoja, inampa mama, njaa na utani wake, na msikilizaji anamfuata kabla hajauliza anatoka kabila gani. Wala haimshtaki jirani kwa jina. Stesheni ya Likasi inastahili riwaya yake. Huenda atakayeiandika ni mtoto aliyeko sasa kwenye familia iliyohama, ikiwa atasikia mapema kwamba mambo kama hayo huandikwa.

Namna ya kuanza si ya ajabu. Redio moja ya jamii inatosha. Ichague kitabu kimoja, na Shaba Deux kingefaa kutangulia kwa kuwa ni kifupi na kimekatwa kwa siku kama daftari. Imwandikie mchapishaji Paris kuomba ruhusa ya kutafsiri na kusoma hewani, maana kazi ya mtu haichukuliwi bure hata kama mwenyewe amefariki. Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina wanafunzi wa fasihi wanaotafuta kazi ya kumaliza masomo. Wapewe sura sura, kisha mama mmoja wa Kolwezi na mzee mmoja wa Katuba wakae nao kuwasahihisha pale Kiswahili kinapogeuka cha darasani. Kitabu cha kurasa 250, kikisomwa kurasa 10 kila jioni, kinaisha kwa siku 25. Hata mwezi haujaisha.

Saa iwe ile ya baada ya habari, wakati bukari inapopikwa na simu zimeishiwa moto. Baada ya kila sura, dakika tano za wasikilizaji. Wa kwanza kupiga atakuwa na swali la kitabu. Wa pili atasema, hata na mimi nilikuwa Kolwezi siku ile. Mtangazaji asimkatize kwa sababu ya tangazo la sabuni.