Ramani ya Chini ya Ziwa Ifike Mwaloni

Wako wasomaji wetu wa Kahama na Shinyanga ambao watashangaa kuona tahariri ya leo inazungumzia sakafu ya Ziwa Victoria, ilhali wao wanaishi katikati ya majaruba ya mpunga, mashamba ya pamba na makundi ya ng'ombe, mbali kabisa na ufuko. Tunawaomba wafungue bomba. Tangu mradi wa Ihelele ulipozinduliwa mwaka 2009, maji ya ziwa huinuliwa wilayani Misungwi, yakasafishwa na kusukumwa hadi miji ya Kahama na Shinyanga, na baadaye mabomba yameendelea mpaka Nzega, Igunga na Tabora. Ziwa hilo basi si mali ya watu wa Mwanza na Geita peke yao. Ni kisima cha mamia ya maelfu ya watu wasioliona, nao wana haki ya kujua kina chake na kilichotuama chini yake.

Kwa ukubwa wake, Ziwa Victoria si lenye kina kirefu. Eneo lake ni kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake cha wastani ni kama mita 40, na mahali palipozama zaidi hapafiki mbali na mita 80; Ziwa Tanganyika, kwa kulinganisha, linafikia mita 1,470. Hapana shaka ufupi huo wa maji umewafanya wengi waamini kwamba chini hakuna la kuchunguzwa. Kumbe ni kinyume chake. Katika maji mafupi, tofauti ya mita tano tu hutenganisha mwamba na mchanga, mchanga na tope, mahali penye mazalia ya samaki na mahali pasipo na uhai.

Kazi ya kulipima ilianza zamani. Afisa wa jeshi la majini la Uingereza, Whitehouse, alizunguka ziwa hili mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, akipima kina ili meli za wakoloni zipate njia. Katika upimaji wa siku hizo, kamba yenye kipande cha risasi mwishoni, ile ambayo mabaharia wa pwani wanaiita bildi, huteremshwa hadi iguse chini, kisha huhesabiwa pima zake. Ni kazi ya uaminifu mkubwa, lakini bildi hupima pale tu ilipoangukia. Hatua kumi kando yake panaweza kuwa na mwamba, na karatasi isiseme neno.

Siku hizi hutumika mwangwi. Chombo kilichofungwa chini ya mashua hutoa mlio, mlio hugonga sakafu ya ziwa na kurudi, na muda uliopita ndio unaotoa kina. Sauti husafiri ndani ya maji kiasi cha mita 1,500 kwa sekunde, hivyo mahali penye mita 40 mwangwi huwa umekwenda na kurudi katika muda wa sehemu moja ya ishirini ya sekunde. Tangu mwisho wa miaka ya 1990 wataalamu wa Tanzania, Kenya na Uganda wamekuwa wakilipita ziwa kwa vyombo hivyo ili kukadiria wingi wa samaki. Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi, TAFIRI, imefanya kazi hiyo pamoja na wenzake wa Kisumu na Jinja, chini ya Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria lililoundwa mwaka 1994. Walikubaliana juu ya njia moja ya kupima, ili tarakimu za Kisumu ziweze kujumlishwa na za Mwanza. Jambo hilo laonekana dogo, lakini ndilo lililozaa tunda ambalo hawakulikusudia: mwangwi wa samaki ulikuja pamoja na mwangwi wa sakafu. Mwaka 2017 kumbukumbu hizo ziliunganishwa na ramani kongwe za Kiingereza, ikapatikana ramani ya kina cha ziwa zima ambayo mtu yeyote mwenye intaneti anaweza kuichukua bure.

Tunaipongeza kazi hiyo, na hapo hapo tunasema haitoshi. Mashua za utafiti hupita katika maji makuu. Haziingii katika matete, katika vijighuba na baina ya visiwa, ambako maji ni mafupi na nyavu ni nyingi. Huko bado tunategemea kwa sehemu kubwa bildi ya zaidi ya miaka 100 iliyopita. Na huko, yaani Ghuba ya Nungwe, Ghuba ya Emin Pasha na mkono wa kusini wa Ghuba ya Mwanza, ndiko tunakovua, tunakochota maji na tunakomwaga taka zetu.

Katika mikoa yetu hii neno mwalo lina kazi mbili. Mahali mvuvi anaposhushia samaki ni mwalo, na mahali mchimbaji anapooshea mchanga wa dhahabu ni mwalo pia. Mialo hiyo miwili imeunganishwa na mito. Mchimbaji mdogo hutumia zebaki ili inase chembe za dhahabu, kisha huichoma; sehemu hupaa na moshi, na sehemu hubaki katika marudio. Mvua ikija, marudio yasiyozungushiwa ukuta husombwa na kuteremka. Zebaki hupenda kushikamana na tope laini, na tope laini nalo halitulii popote, bali hutafuta mabonde ya chini ya maji ambako mawimbi hayafiki. Katika tope hilo, palipo haba oksijeni, vijidudu huweza kuigeuza zebaki ikawa ya namna iliyo rahisi kuingia mwilini: huanza kwa viumbe wadogo, ikaenda kwa dagaa, kisha kwa sangara, na kila hatua kiasi chake huongezeka. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki mwaka 2020. Kuridhia ni ahadi, na ahadi hii haitimizwi bila vipimo.

Tueleweke vyema. Hatusemi kwamba samaki wa Nungwe wameharibika, wala hatumnyooshei kidole mchimbaji mdogo anayetafuta riziki yake kwa sururu. Tunasema kwamba mtafiti asiye na ramani ya sakafu hajui mahali pa kuchota tope lake. Akichota penye mchanga uliosafishwa na mawimbi atarudi na habari njema zisizo za kweli. Akibahatisha shimo moja lililokusanya uchafu wa miaka 30, atatangaza kwamba ghuba nzima imekufa. Katika hali ya kwanza mlaji huachwa bila kinga. Katika ya pili mvuvi hukosa soko na mchimbaji hufukuzwa kwa ushahidi wa kombe moja la tope.

Habari ya samaki nayo ni hiyo hiyo. Wanasayansi wa Kiholanzi na Kitanzania waliochunguza furu katika Ghuba ya Mwanza kuanzia mwaka 1977 waliona kwamba aina za samaki hao, ambazo katika ziwa lote zinakadiriwa kupita 500, zimegawana makao kwa kina na kwa namna ya sakafu: wa mwambani, wa mchangani, wa topeni. Sangara alipoongezeka katika miaka ya 1980 aina nyingi zilitoweka, na zilizosalia hazikusalia kila mahali. Tunapopiga marufuku kokoro tunafanya vema, maana huburura sakafu na kukomba mazalia. Lakini mvuvi anapoambiwa asivue mahali fulani kwa sababu ni mazalia, ana haki ya kuuliza mipaka yake iko wapi, na afisa ana wajibu wa kumjibu kwa alama zinazoonekana, si kwa kunyoosha mkono kuelekea upeo wa macho.

Mpaka ulio mzito zaidi uko nchi kavu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ni nzuri. Je, ukingo ni upi? Mwezi Mei 2020 maji yalipanda yakavuka kiwango cha mwaka 1964 kilichokuwa kikikumbukwa na wazee, yakaingia majumbani, vibandani na mashambani. Mwananchi aliyejenga mita 80 kutoka majini alijikuta maji yako mlangoni. Mwingine, maji yalipokuwa yamepungua, alilima ardhi iliyokuwa ziwa. Ufuko ulio tambarare huweza kusogea makumi ya mita kwa maji kupanda mita moja, wakati penye jabali hausogei hata hatua tatu. Bila ramani moja inayounganisha nchi kavu na maji, ikieleza kiwango kilichotumika kupimia, mita 60 zitaendelea kuhesabiwa na aliye na futi mkononi, na tunajua ni nani aghalabu hushindwa katika hesabu ya namna hiyo.

Kuhusu usalama wa vyombo hatutasema mengi. MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 hazikuzama kwa kukosa ramani; mzigo na abiria kupita kiasi ndiyo mambo yaliyotajwa, na ramani haitibu uzembe. Lakini ndege ilipoanguka ziwani mjini Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, waliotangulia kufika walikuwa wavuvi. Watu hao wanayajua maji yale kuliko karatasi yoyote.

Basi kazi ianzie kwao. Kila mwalo una wazee wanaojua kila mwamba unaorarua nyavu, na wameupa jina. Ramani zilizochapishwa zimejaa majina ya wasafiri, Speke, Smith na Emin Pasha, lakini miamba inayojulikana kwa Kisukuma, Kikerewe na Kizinza haimo. Vikundi vya usimamizi wa uvuvi vipewe vyombo vidogo vya mwangwi vifungwe katika mashua chache za kila mwalo, na vivuko vinavyopita njia ile ile kila siku vifanye vivyo hivyo. Duniani jambo hili si geni. Mradi wa kimataifa wa kuichora sakafu ya bahari yote ifikapo mwaka 2030 ulianza mwaka 2017 ikiwa imepimwa asilimia 6 tu kwa ubora wa siku hizi. Kufikia Juni 2025 ilikuwa asilimia 27.3, na sehemu ya nyongeza hiyo ilitoka katika vipimo vilivyokuwa vimefungiwa makabatini mwa serikali, makampuni na vyuo. Mradi huo haushughuliki na maziwa. Sisi tuna makabati yetu wenyewe: waliochoronga ardhi chini ya maji ili kusimamisha nguzo za daraja la Kigongo hadi Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, wana habari za tope na mwamba wa Ghuba ya Mwanza, migodi na mamlaka za maji zinazovuta maji ziwani zina za kwao. Zitolewe.

Kuna pingamizi moja tunaloliheshimu. Mvuvi akionyesha anakopita, ataonyesha pia anakopata samaki, na kesho atawakuta wenye injini kubwa wamemtangulia. Kwa sababu hiyo lazima iandikwe tangu mwanzo kwamba kina ni cha umma, ila njia ya mashua na mahali pa kutegea ni siri ya mwenyewe, wala havitatumika kumtoza kodi au kumfungulia mashitaka. Pasipo kuaminiana huko vyombo vitakaa mashuani vimezimwa.

Nungwe ipimwe kwanza, kwa kuwa huko mvuvi, mchimbaji na mchota maji wanakutana katika ghuba moja. Ipimwe mara mbili, kiangazi na baada ya masika, ili ijulikane tope limeongezeka wapi. Kisha ramani ichapishwe kwa Kiswahili, kina kiandikwe kwa mita na kwa pima, tarehe ya upimaji na kiwango cha maji cha siku ile vionekane juu kabisa, na nakala ibandikwe katika ofisi ya kila mwalo wa samaki na kila mwalo wa dhahabu ulio kando ya mito inayoingia humo.