Filamu imekataa kucheza kwenye tele? Usibonyeze "Formater"

Juma hili tunajibu swali la mama mmoja wa Mikelenge. Anaandika hivi: "Filamu ya matanga ya mama yangu inaonekana vizuri kwenye telefoni ya mdogo wangu. Tumeiweka kwenye flashi, lakini tele inaandika 'Format non supporté'. Kijana wa jirani anasema flashi imekufa, tuifute tuanze upya. Tufanye nini?"

Mama, pole kwa msiba. Na tafadhali, usifute kitu. Tele haikusema filamu imeharibika. Imesema tu kwamba haijui kuifungua.

Faili ya MP4 ni kama kikapu. Ndani yake kuna picha na sauti, na kila kimoja kimefungwa kwa namna yake. Picha nyingi zimefungwa kwa namna iitwayo H.264, iliyotoka mwaka 2003, na karibu kila tele yenye tundu la flashi inaielewa. Mwaka 2013 ikatoka H.265, ambayo pia inaitwa HEVC. Hiyo inabana picha zaidi, kwa hiyo telefoni nyingi mpya zinaipenda, lakini tele za zamani haziijui. Ndiyo maana faili mbili za MP4 zinaweza kukaa katika flashi moja, moja icheze na nyingine ikatae.

Kabla ya kumlipa fundi, ijaribu filamu kwa VLC, ile programu yenye alama ya koni ya barabarani, ya rangi ya machungwa na nyeupe. Ni ya bure, kwenye telefoni na kwenye kompyuta. Weka flashi kwenye kompyuta, fungua filamu kwa VLC. Ikicheza mpaka mwisho, filamu ni nzima. Ikikatika njiani, pengine ilikatika wakati wa kunakili, basi irudieni kutoka telefoni ileile. Kwa hiyo mdogo wako asiifute kwenye telefoni yake mpaka muitazame yote kwenye tele.

Ikiwa ni nzima, nenda pale wanapoweka filamu kwenye flashi, umwambie kijana maneno haya: "Nigeuzie iwe MP4, picha H.264, sauti AAC au MP3, na faili ya kwanza uiache kama ilivyo." Akisema hawezi, VLC yenyewe inafanya kazi hiyo kwenye kompyuta: afungue "Média", kisha "Convertir / Enregistrer". Filamu ndefu inachukua muda, msimharakishe. Na wenye iPhone, kabla ya ndoa inayokuja, ingieni kwenye "Réglages", "Appareil photo", "Formats", mchague "Le plus compatible". Hapo telefoni itarekodi kwa H.264 tangu mwanzo.

Picha ipo lakini sauti hakuna? Ni jambo lilelile, ila safari hii ni sauti iliyofungwa kwa namna ambayo tele haiijui, mara nyingi DTS au AC3. Dawa ni ileile.

Tele ikionyesha flashi tupu, wakati kwenye kompyuta faili zinaonekana, flashi imepangwa kwa namna ya NTFS au exFAT. Tele nyingi zinataka FAT32. Lakini FAT32 haipokei faili moja inayofika giga 4, hata kama flashi ni ya giga 32 na haina kitu. Filamu kubwa ya ndoa basi ikatwe vipande viwili.

Kubadilisha mpango huo ndiyo "Formater", na "Formater" inaondoa kila kitu. Nakilini kwanza kila faili mahali pengine, mhakikishe zinafunguka, ndipo mbonyeze. Kama mtoto amekwisha kubonyeza, msiongeze hata wimbo mmoja kwenye flashi hiyo. Mara nyingi filamu bado imo ndani, na fundi mwenye programu kama PhotoRec anaweza kuitoa. Mkiandika kitu kipya juu yake, imekwenda.

Neno moja kuhusu umeme. Tundu la flashi la tele nyingi linatoa nusu ampere tu. Inatosha flashi, lakini diski kubwa ya nje mara nyingi inataka zaidi, ndiyo sababu inalia tik-tik na filamu inasimama. Siyo lazima iwe mbovu. Na wanaotumia jenereta: zimeni tele na mchomoe flashi kabla mafuta hayajaisha, si baada ya giza kuingia.

Wa Alunguli mnaovuka mto na flashi, ifungeni ndani ya plastiki mbili. Lualaba haina huruma na kumbukumbu za mtu.

Juma lijalo: betri ya sola inayokufa mapema. Maswali yenu myape viongozi wa makundi kabla ya Alhamisi.